Meza Yenye Tundu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba harufu ya klore ni harufu ya uzima. Klore ni ile dawa ya kusafishia maji, kali, inayochoma pua na kuacha vidole vikiteleza kama vimepakwa sabuni isiyotaka kutoka. Kwa watu wengi wa mji wetu wa Baraka harufu hiyo ilimaanisha kolera, yaani kipindupindu, na kolera ilimaanisha msiba, kwa hiyo walipoinusa waliharakisha hatua. Mimi nilikuwa kinyume chao. Niliugua kolera nikiwa mdogo, nikapona, na kwa akili yangu ya kitoto niliamua kwamba kilichoniponya si maji yaliyotiwa kwenye mshipa wangu bali ile harufu iliyokuwa imetanda juu ya kitanda. Niliporudi nyumbani nilianza kuitafuta. Niliosha mikono kabla ya kula na baada ya kula, kisha nikaosha tena kwa sababu nilikuwa nimeshika kopo la maji ambalo labda mtu mwingine alilishika. Ngozi ya vidole ikapasuka, mama akawa ananipaka mawese kila jioni huku akiguna. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mimi sikuishia kushtuka. Nilitembea na fimbo mfukoni.

Fimbo yenyewe ilikuwa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Kwenye ufuko, pale akina mama wanapochota maji ya ziwa, alikaa kijana mmoja wa kujitolea mwenye bomba la sindano lisilo na ncha. Kila bidoni, yaani dumu la maji, ilipojaa alidondosha ndani yake kipimo cha klore, kisha akamwambia mwenye bidoni asubiri kidogo kabla ya kunywa. Mimi nilikuwa nikijipanga pamoja na akina mama, nikimnyooshea chupa yangu, naye alicheka na kunitilia. Alidhani ni mchezo. Niliificha chupa hiyo ndani ya shati, upande wa kushoto, na nilipolala niliiweka chini ya mkeka. Hakuna aliyejua ila mama, ambaye alikuwa ameiona wakati wa kufua na akaamua kunyamaza. Baba alikuwa mbali, Misisi, akichimba dhahabu kwenye mashimo ya watu wengine, na habari zake zilitufikia kwa mdomo wa madereva wa pikipiki. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Neema, ambaye alikuwa bado anajifunza kutamka jina lake.

Nieleze sasa jengo nilimolazwa. Lilikuwa refu, la matofali ya kuchoma na mabati, nje kidogo ya soko, na lilijengwa kwa haraka wakati kolera ilipokuwa imeshika mji. Watu waliliita kambi. Lilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia wagonjwa na mwingine wa kutokea waliopona, na nyuma kulikuwa na mlango wa tatu ambao hakuna aliyeutaja. Sakafu yake ya saruji iliinama kidogo kuelekea kwenye mfereji uliopita katikati, ili maji ya kuoshea yateremke yenyewe. Juu, kwenye boriti, zilipigiliwa kulabu za chuma za kutundikia mifuko ya maji ya mshipa. Na vitanda! Sijui niandike vipi kuhusu vitanda bila kumchefua msomaji. Vilikuwa vya mbao, vimefunikwa turubai la plastiki, na katikati ya kila kimoja palikuwa na tundu la mviringo, na chini ya tundu ndoo. Mgonjwa wa kolera hana nguvu ya kuinuka. Mwili unamwagika wenyewe, na tundu linapokea. Nililala juu ya tundu hilo nikitazama kulabu. Kulabu yangu ilikuwa imepinda kushoto, kama kidole cha mtu anayeita.

Kitanda cha jirani alilala fundi baiskeli, mzee mcheshi ambaye hata alipokuwa hana sauti alilalamikia yale maji ya chumvi na sukari tuliyonyweshwa. "Mutoto," alininong'oneza, "tukitoka humu mi na we tutakula samaki mukebuka wa kukaanga. Mukubwa. Na pilipili." Asubuhi moja niliamka nikakuta turubai lake limeoshwa na linameremeta. Nilisikia mlango wa nyuma ukifungwa. Mwanamke aliyekuwa akisafisha kitanda kile aligeuka, akaona kwamba nimeona, akasimama na kitambaa mkononi. Uso wake ule sijausahau. Huyo ndiye aliyekuwa Mama Mapendo.

Mama Mapendo hakuwa muuguzi. Kazi yake ilikuwa kutuosha, kutugeuza, kumwaga ndoo na kupuliza klore kila mahali. Alifanya yale ambayo hata ndugu wa damu waliyafanya huku wamegeuza uso. Basi kolera ilipopungua na kambi kufungwa, ungedhani mji ungembeba begani. Haikuwa hivyo. Alikaanga beignet, yaani maandazi, akapeleka sokoni, watu wakapita wakitazama vidole vyake. Walimsalimu kwa heshima zote, "jambo mama, habari ya watoto," kisha wakanunua kwa jirani yake. Hakuna aliyemtukana. Kila mtu alikumbuka tu mikono ile ilikuwa wapi. Nami, ambaye mikono ile iliniinua, nilikuwa mmoja wao: akipita nilijificha nyuma ya kanga ya mama.

Jengo lilikaa tupu kwa muda mrefu, mbuzi wakalala humo. Kisha familia yenye kiwanja ikamruhusu Mama Mapendo alitumie, na siku moja tukaona kuta zimepakwa rangi ya kijani nusu na nyeupe nusu. Mlangoni paliandikwa RESTORA, yaani mgahawa, kwa mkono wa mtu ambaye herufi zilimwishia nafasi, maana ile A ya mwisho ilikuwa nyembamba kama imebanwa na mlango. Alipika. Moshi ulitoka, harufu ya samaki ilifika hadi barabarani, na hakuna aliyeingia. Watu walitembea upande wa pili wa barabara. Jirani yetu Djuma, kijana aliyebeba abiria kwa pikipiki kati ya Baraka na Mboko na aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alisema mbele ya mlango wetu, akiniangalia mimi makusudi: "Kule unaingia na tumbo, unatoka bila tumbo." Wenzake walicheka. Mimi nilikwenda kuosha mikono.

Jioni moja Mama Mapendo akaja nyumbani. Hakuketi alipokaribishwa. Alisimama karibu na jiko, akashika kiwiko chake kimoja kwa mkono wa pili.

"Mama Asende," alimwambia mama, maana mimi ndiye Asende, "ile siku mi sikukuomba kitu. Leo naomba. Muye kwangu dimanche, tukitoka kanisa. We, huyu, na kale kadogo. Mukule tu. Bantu baone mutoto mwenye alilala mule anakula mule. Kama ye hakule, hakuna mwenye atakula. Nitafunga."

Mama hakuuliza lolote. "Tutakuya," alisema.

Mgeni alipoondoka nilisema sitakwenda. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitumaini kwamba sauti ndogo ingehesabiwa kama adabu. Mama aliacha kukoroga sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. "Unasema nini? We uliinuliwa na mikono ya ule mama ukiwa kama kitambaa cha kupangusia. Mi nilikuwa pale, niliogopa kukushika. Unasikia? Mi mama yako, niliogopa. Ye alikushika. Leo anakuita ku meza, unasema hauende? Shukrani ya punda njo hiyo." Kwetu nyumbani palikuwa na sheria moja tu ambayo haikujadiliwa: aliyekuuguza hadi ukapona, chakula chake hakikataliwi. Unaweza kukataa chakula cha mjomba, hata cha mchungaji, ukasingizia tumbo. Cha aliyekuuguza, hapana. Kukikataa ni kumwambia kwamba ungependa kurudi kule alikokutoa.

Siku zilizobaki hadi Jumapili nilikuwa na hofu ambayo mpaka leo sijui kuipanga kwenye sentensi. Nimejifunza kuandika hadithi mwenyewe, kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho na kwa kusikiliza redio, na kila mara ninapofika hapa ninafuta. Nitasema kwa urahisi. Niliamini kwamba jengo lile lilikuwa limeniachilia kwa bahati mbaya, na kwamba nikiingia tena kwa miguu yangu litanikumbuka. Niliamini kwamba fundi baiskeli alichukuliwa kwa sababu alizungumzia chakula. Na zaidi ya yote niliamini kwamba Neema, ambaye hajawahi kuugua, atakula humo akicheka, kisha atalala juu ya tundu. Wakati huo mdogo wangu alikuwa na tabia ya kulala amenishika sikio. Usiku nilihesabu pumzi zake. Asubuhi ya Jumapili nilikwenda ufukoni kabla ya kanisa, nikamwomba yule kijana anijazie chupa hadi shingoni.

"Leo unaenda kuosha ziwa nzima?" aliniuliza.

Ibada sikuisikia. Tulipotoka, watu wengi walijua tunakoelekea, maana Mama Mapendo alikuwa amehakikisha wanajua, na walitufuata wakijifanya kuwa njia yao ni ile ile. Walikuwa bado na nguo za kanisa, akina mama na vitambaa vya kichwa vilivyopigwa pasi, wanaume na Biblia kwapani. Walipofika kwenye jengo hawakuingia. Walijipanga kwenye madirisha, na Djuma akaegemeza viwiko juu ya kizingiti kama mtu aliyekata tiketi. Mama alimshika Neema mkono wa kulia na mimi mkono wa kushoto, akatupitisha kwenye mlango. Ulikuwa ule wa kuingilia wagonjwa. Zamani pale mlangoni palikuwa na sifongo kubwa iliyolowa klore, ambayo ulilazimika kuikanyaga kwanza. Sasa hapakuwa na kitu. Mguu wangu ulitafuta ubaridi ule, ukakuta saruji kavu.

Ndani kulikuwa kuzuri, na uzuri wenyewe ulinitisha. Kulikuwa na meza chache zilizofunikwa vitambaa vya plastiki vyenye maua mekundu, viti, na kalenda ya zamani yenye picha ya mlima wa theluji. Sakafu ilimeremeta. Lakini mfereji ulikuwa bado unapita katikati, na kwenye kulabu za juu, zile zile, Mama Mapendo alikuwa ametundika maua ya plastiki. Nilisema moyoni sitatazama juu. Nilitazama. Tulikuwa tumeketishwa kwenye meza ya katikati, ili madirisha yote yatuone, na juu ya kichwa changu kulabu moja ilikuwa imepinda kushoto, kama kidole cha mtu anayeita. Waridi la plastiki lilining'inia hapo likizunguka polepole.

Mama Mapendo alileta chakula mwenyewe. Sahani ya mikebuka wa kukaanga, wakubwa, migongo ikiwa bado inachemka mafuta. Bakuli la sombe lililotiwa mawese. Bugali wa muhogo mweupe uliopangwa kama kofia tatu, mmoja wa kila mtu, na pilipili pembeni. Mikebuka na pilipili! Nilisikia sauti ya fundi baiskeli kana kwamba ameinama sikioni. Niliweka mikono yangu juu ya meza, nikaikandamiza, na hapo kitambaa cha plastiki kikabonyea chini ya kiganja changu cha kulia. Nikapapasa. Palikuwa na ukingo. Nikaufuata kwa kidole, taratibu, ukazunguka, ukazunguka, ukarudi pale ulipoanzia. Chini ya maua mekundu, katikati kabisa ya meza, palikuwa na tundu la mviringo.

Naomba msomaji anielewe. Sikuwa nimewahi kuketi restora. Vitu vyote nilivyovijua duniani vya kulazia au kuwekea vilikuwa na uso mzima, isipokuwa kimoja. Sikufikiri, nilijua: wamechukua vitanda, wamevikata miguu au wameviinua, wakavifunika kitambaa, na sasa tunakula juu ya kitanda changu, chini ya kulabu yangu. Nilimtazama mama. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya madirisha. Nilimtazama Neema, na vidole vyake vidogo vilikuwa tayari vinatambaa kuelekea samaki.

"Tuombe," alisema mama.

Kwetu sala ya chakula haiwi fupi, na mbele ya watu ndiyo hurefuka. Mama aliinamisha kichwa, Neema akafumba macho kwa nguvu kama alivyofundishwa, Mama Mapendo akainama na jagi lake la maji ya kunawa mkononi, na kwenye madirisha yote vitambaa vya kichwa na kofia vikashuka. Mji mzima ulifumba macho. Mama akamshukuru Mungu kwa mvua, kwa baba aliye safarini, kwa mikono iliyopika. Nilitoa chupa ndani ya shati. Nikafungua kifuniko kwa meno. Nikamwagia samaki, nikamwagia sombe, nikamwagia bugali wa Neema zaidi kuliko wetu, na tone la mwisho nikalitia pale kitambaa kilipobonyea. Kisha nikaficha chupa katikati ya magoti na kusema amina pamoja na wengine.

Klore ikikutana na mafuta ya moto haikai kimya. Harufu iliinuka kabla vichwa havijainuka vyote. Niliona pua ya mama ikicheza. Kisha mwanamke mmoja dirishani akajifunika mdomo kwa kanga na kupiga kelele: "Klore! Munasikia klore? Kolera imerudia!" Hakuhitaji kusema mara mbili. Mwingine akajibu kutoka dirisha la pili: "Banaficha! Iko mugonjwa ndani!" Watoto walivutwa mikono, Biblia ikaanguka, mtu akakanyaga gauni la mtu. Wachache walibaki, mbali kidogo, wakiwa wamesimama upande upande kama mbuzi walio tayari kukimbia. Djuma alirudi hatua kadhaa nyuma lakini hakuondoka. Udadisi wake ulikuwa mkubwa kuliko uhai wake.

Nilimtazama Mama Mapendo. Alisimama karibu na mlango wa jiko, jagi mkononi, maji yakimwagika kidogo kidogo juu ya kiatu chake bila yeye kujua. Uso ulikuwa ule ule. Ule wa asubuhi ya turubai linalometameta, wa mtu aliyefanya kila alichoweza na bado mlango wa nyuma umefungwa. Hakutulaumu. Alikuwa tayari anatazama meza zake moja baada ya nyingine, kama anayeziaga.

Ningeweza kunyamaza. Hiyo ndiyo sehemu inayonisumbua ninapoiandika, kwamba ingekuwa rahisi mno. Hakuna aliyeniona, na jengo lenyewe lilikuwa na sifa mbaya ya kutosha kubeba lawama. Nilimwogopa mama, niliwaogopa watu, nililiogopa tundu lililokuwa bado chini ya kiganja changu. Lakini uso ule niliuogopa zaidi. Nikachukua chupa nikaiweka juu ya meza, kati ya sahani.

"Ni mi," nilisema. Hakuna aliyesikia. Nikarudia, safari hii sauti ikatoka kubwa na mbaya: "Ni mi nimetia klore. Meza iko na tundu!"

"Tundu gani?" aliuliza mama.

"Ya kitanda."

Mama Mapendo alikuja. Aliondoa sahani ya samaki, akaondoa bakuli, akakamata kitambaa cha maua kwa ncha na kukifunua. Chini yake palikuwa na meza ya plastiki, nyeupe iliyogeuka kijivu, meza kama ninazoziona leo katika kila baa kuanzia hapa hadi Uvira, na katikati yake tundu dogo la mviringo, ambalo hata ngumi yangu isingepita. Tulilitazama sote. Waliobaki nje walisogea wakalitazama nao.

Djuma ndiye aliyesema kwanza, kichwa chake kikiwa tayari ndani ya dirisha. "Ah, kadogo! Hiyo iko tundu ya parasoli! Ya kusimamisha mwavuli! We ulifikiri bantu banalala ku meza?" Akawageukia watu. "Mutoto ametia dawa mu sombe juu ya parasoli!"

Kicheko kilianza kwa mwanamke aliyepiga kelele kwanza, labda kwa aibu, kikapita dirisha hadi dirisha kama mahindi yanayoruka kwenye kikaango. Waliokimbia wakarudi kuuliza ni nini, wakaambiwa, wakacheka kuliko waliokuwepo. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, lakini hawakusema jinsi kicheko kile kinavyochoma masikio. Niliona ni afadhali kolera. Mama aliinamisha uso wake katika viganja na mabega yakatikisika, na mpaka leo amekataa kuniambia kama alikuwa anacheka au analia.

Mama Mapendo hakucheka. Alilitazama tundu kwa muda mrefu. Yeye peke yake mle ndani alijua nilichokuwa nimekigusa, maana ndiye aliyeviosha vile vitanda. Aliweka kiganja chake juu ya tundu, akakiacha hapo, akainama hadi macho yake yakawa sawa na yangu.

"Asende," alisema. "Vile vitanda nilivichoma mi mwenyewe. Na petroli. Hata kimoja hakikubakia. Unasikia?"

Nilitikisa kichwa kwamba nimesikia.

"Ungeniuliza."

Hilo lilikuwa neno lake lote la kunikaripia. Kisha akabeba kile chakula kilichoharibika akaenda kukimwaga, akarudi na sahani nyingine kutoka jikoni. Wakati huo Djuma alikuwa amepitisha mguu mmoja dirishani, kisha wa pili, akaketi meza ya jirani akipangusa suruali. "Mama, na mi uniletee. Ile yenye haina dawa." Watu wakacheka tena, lakini mimi niliona kitu ambacho wao hawakukiona: alikuwa amepita dirishani. Djuma, mwenye mdomo wote ule, alikuwa ameuogopa mlango.

Bado ilinibidi kula. Hofu haikuwa imekwenda kokote, ilikuwa imeketi karibu nami. Mama Mapendo alinawa mbele yetu, maji yakateremka kwenye mfereji wa katikati kama yalivyoteremka zamani, akamega bugali, akachovya kwenye sombe, akala yeye kwanza. Kisha akangoja. Mama akala. Neema alikuwa ameanza zamani, mashavu yamejaa. Kwenye madirisha hakuna aliyecheka tena, wote walikuwa wananitazama mdomo. Nikamega. Nikachovya. Samaki alikuwa mtamu, nje mkavu na ndani laini, na niliogopa kila tonge. Sikuwahi kula chakula kitamu kama kile wala kukila kwa uchungu kama ule. Nilipomaliza niligeuza sahani kidogo ili madirisha yaone mifupa.

Siku zilizofuata nilikaa darasani nikisikiliza tumbo langu badala ya mwalimu. Kila mngurumo ulikuwa mwanzo wa mwisho. Neema alipolala mchana niliweka sikio juu ya tumbo lake. Halikutokea lolote. Kilichotokea ni kwamba wiki iliyofuata watu walikwenda kuitazama meza yenye tundu. Walikwenda kucheka, wakafunua kitambaa, wakaingiza kidole, na kwa kuwa huwezi kukalia kiti cha mtu na kuinusa sufuria yake bila kuagiza, wakaagiza. Jina RESTORA halikutumika tena. Mji uliiita Kwa Klore. Mama Mapendo alinuna kwa majuma kadhaa, kisha mtu mmoja kutoka Misisi akamwambia kwamba huko mashimoni wanasema ukitaka samaki safi Baraka nenda Kwa Klore, maana hata vijidudu vinaogopa kuingia. Akaacha kununa. Nami kila nilipopita barabarani madereva wa pikipiki walifunika sahani zao kwa mikono, "Docteur amekuya!", nikakimbia hadi nyumbani kuosha mikono.

Sasa mimi ni mtu mzima, ninaendesha kibanda cha kuchapa na kutoa nakala karibu na soko, na wateja wananilalamikia kwamba ninasoma barua zao mara nyingi mno kabla ya kuzitoa. Hofu haikuniacha, ilibadilisha kazi tu. Mji pia umebaki na hofu zake. Kuna siku milio ya risasi inasikika kutoka milimani, na Mama Mapendo anafunga madirisha yale yale na kuwaingiza wapita njia ndani, nao wanakaa sakafuni pembeni ya mfereji hadi kutulie, kisha wanainuka na kuagiza chai. Kolera nayo huja na kuondoka pamoja na mvua, na kijana mwingine anakaa ufukoni na bomba lile lile. Fundi baiskeli hana kaburi ninalolijua. Ninapokula mukebuka ninamkumbuka, na ninaweka pilipili hata kama siitaki.

Kulabu ziko bado. Ile iliyopinda inabeba balbu ya sola. Neema, ambaye sasa amenizidi kimo, anapenda meza ya katikati kwa sababu ina hewa, na Jumapili nyingine tunaketi hapo, yeye akizungumza bila kupumua, mimi nikitazama mwanga juu ya kichwa chake. Mama Mapendo amezeeka, hapiki tena, lakini hukaa karibu na jiko akihesabu kwa macho waliokula na wasiokula. Mikono yangu nikiiweka juu ya kitambaa, kidole bado kinalijua tundu liko wapi. Hakiendi tena. Zamani niliosha mikono hadi ikapasuka, na bado sikula kwa amani. Siku hizi ninaosha mara moja, ninaketi, na ninakula.